Mwezi wa Mada, Mwezi wa Kona au Mwezi wa Herufi: Upi Unalifaa Darasa Lako la Awali?

Mwezi wa darasa la awali una siku 20 za masomo, 17 au 18 zikiingia sikukuu. Katika vituo vya kulelea watoto na shule za awali za Dar es Salaam, siku hizo hupangwa kwa njia tatu. Ya kwanza ni ya herufi: kila wiki herufi moja na namba moja, kazi ikifanyika kwenye daftari. Ya pili ni ya mada: mwezi mzima watoto wanazungumza, wanaimba, wanachora na kuhesabu wakizunguka jambo moja, mathalani usafiri au samaki. Ya tatu ni ya kona za ujifunzaji: chumba kimegawanywa sehemu, kila sehemu ina vifaa vyake, mtoto anachagua aanzie wapi na mwalimu anazunguka.

Walimu wengi husema wanatumia zote tatu. Ukiingia darasani saa tatu asubuhi, lakini, utaiona moja tu, ile inayokula muda mrefu kuliko nyingine. Hiyo ndiyo tunayoilinganisha hapa.

Chukua darasa lile lile kwa mipango yote: watoto 24 wa miaka minne, mwalimu na msaidizi mmoja, chumba cha mita 6 kwa 8, ua wenye mwembe, kuingia saa 1:30 asubuhi na kutoka saa 6:00 mchana, uji saa 4:00. Ukiondoa kupokea watoto, kunawa, uji, choo na kujiandaa kuondoka, zinabaki kama saa mbili na nusu za kazi. Idadi hiyo ya watoto ina sababu: kiwango cha nchi kwa darasa la awali ni mwalimu mmoja kwa watoto 25. Madarasa mengi ya serikali jijini yamezidi hapo kwa mbali, na hilo tutalirudia chini kwa sababu linabadilisha uamuzi.

Kipimo chetu ni kimoja: mtoto anapata kurudia jambo mara ngapi, na kila anaporudia, je, kuna kitu kidogo kimebadilika? Mtoto wa miaka minne haelewi tano kwa kuambiwa kuwa hii ni tano. Anaielewa akihesabu vizibo vitano, abiria watano, vidole vitano, kisha akivitawanya vizibo vile vile na kukuta bado ni vitano. Mpango wa mwezi usiompa nafasi hiyo umempunja, hata kuta zikipendeza kiasi gani.

Mwezi wa herufi

Huu ndio unaopendwa na wazazi, na sababu yao ina uzito. Shule nyingi binafsi humfanyia mtoto usaili kabla ya kumpokea darasa la kwanza, naye huulizwa herufi, namba na jina lake. Mpango huu pia unaendeshwa na mtu mmoja mwenye ubao na chaki, na mzazi akifungua begi jioni anakuta ushahidi kwenye daftari.

Kiswahili chenyewe kinaubeba vizuri. Irabu zetu ni tano na hazibadili sauti, silabi nyingi zinaishia kwa irabu, kwa hiyo mtoto aliyeshika irabu mbili na konsonanti mbili tayari anasoma maneno kamili. Faida hiyo hupotea pale mwalimu anapofuata mpangilio wa alfabeti. Linganisha miezi miwili. Mwezi wa a, b, ch, d: mwisho wake mtoto ana irabu moja tu, na anasoma baba, dada na machache mengine. Mwezi wa a, m, i, k: anasoma mama, mimi, kaka, kaa, mia, kama na kima, na tena katika hayo mawili ya mwisho anaona kwa macho yake kwamba herufi moja ikibadilika, neno linabadilika. Wiki ni zile zile nne.

Alfabeti ina kosa jingine: inaziweka b na d karibu, zikitenganishwa na ch peke yake. Hizo mbili huchanganywa sana kwa sababu umbo ni lile lile limegeuzwa upande. Fundisha moja, subiri mpaka mtoto aiandike bila kusita, ndipo ulete ya pili. Miezi miwili katikati si mingi. Fanya hivyo kwa m na n, f na v, na zaidi kwa l na r, maana katika nyumba nyingi za jiji hili sauti hizo mbili hubadilishana kulingana na lugha ya wazee.

Halafu kuna suala la sauti na jina. Herufi m isitamkwe “em”, wala “mu”. Itamkwe kwa kufunga midomo na kuivuta, mmmm, kisha iteremke kwenye irabu: mmmma. Herufi k haivutiki, kwa hiyo usijaribu kuitenga. Itamke fupi na uiunganishe papo hapo, ka. Kwenye shule za mchepuo wa Kiingereza mgongano ni mkubwa zaidi. Jina la Kiingereza la herufi E linasikika kama i yetu, la A linakaribia ei, la I ni ai. Mtoto anayefundishwa mifumo yote miwili mwezi mmoja ataandika “mimi” kwa herufi e, akiwa ametumia akili yake vizuri kabisa. Chagua mfumo mmoja wa kuanzia, uukamilishe, halafu ulete wa pili. Tunapendekeza Kiswahili kwanza kwa mtoto anayezungumza Kiswahili nyumbani: anavuna maneno mapema zaidi, na kujua kwamba herufi hubeba sauti ni jambo analolihamisha baadaye kwenda lugha yoyote.

Kasoro kubwa ya mwezi wa herufi, hata hivyo, imejificha ndani ya daftari. Daftari humwonyesha mwalimu umbo lililokwisha, halimwonyeshi mkono ulipitia wapi. Mtoto anaweza kujaza ukurasa mzima wa a nzuri akiwa ameanzia chini kila mara, na marudio hayo yote yamejenga mwendo ambao darasa la kwanza utalazimika kubomolewa. Kuliona hilo lazima usimame karibu naye anapoandika. Na huwezi kusimama kwa watoto 24 kwa wakati mmoja.

Pia kuna saa za mwalimu. Kuandika kielelezo juu ya ukurasa kwenye daftari 24 ni dakika mbili kwa kila moja: dakika 48 kwa siku, saa 16 kwa mwezi. Saa hizo 16 zingetosha kutengeneza vifaa vya kona zote tunazozieleza chini, vikadumu mwaka.

Kwa watoto wa miaka mitatu mpango huu haufai, na hapa hatuna masharti ya kuongeza. Wengi wao bado wanashika kalamu kwa ngumi, na kuwashika vidole kwa nguvu hakusaidii. Kinachosaidia ni kukamua sponji, kubana vibanio vya nguo kwenye ukingo wa boksi, kuchana magazeti vipande vyembamba na kufinyanga. Wape kalamu za rangi zilizovunjwa vipande vya sentimita tatu hadi tano: kipande kifupi hakishikiki kwa ngumi, hivyo vidole vitatu vinajipanga vyenyewe.

Mwezi wa mada

Tutumie usafiri, kwa sababu mtoto wa Dar es Salaam anaujua kabla hajajua kusoma. Wiki ya 1 ni barabarani: bajaji, bodaboda, daladala, mwendokasi. Wiki ya 2 ni majini na relini: kivuko cha Kigamboni, boti, treni. Wiki ya 3 ni usalama: kuvuka kwenye pundamilia, kushikana mikono, taa za barabarani. Wiki ya 4 hurudia yaliyowashika zaidi.

Nguvu ya mada ni lugha. Watoto wakicheza daladala kwa viti 12 vilivyopangwa viwili viwili, kila mmoja anapata kazi inayomlazimisha kusema: konda anaita vituo, Ubungo, Magomeni, Kariakoo; abiria analipa nauli ya vizibo viwili na kudai chenji; mwingine anapiga kelele “Shusha!”. Mtoto mkimya ambaye hajibu swali kwenye duara la asubuhi mara nyingi hujibu akiwa konda. Hisabati nayo inaingia bila kulazimishwa. Bodaboda matairi mawili, bajaji matatu, Hiace manne. Coaster huzua ubishi mzuri, kwa kuwa nyuma matairi yake ni pacha na jumla ni sita. Wapeleke nje wakahesabu moja lililoegeshwa, wakiwa wameshikana mikono na msaidizi akiwa upande wa barabara.

Wiki ya majini beba beseni la maji na vitu vya kutupia ndani: jiwe, kifuu cha nazi, kijiko, chungwa. Chungwa lenye ganda linaelea. Limenye mbele yao, linazama, kwa sababu hewa iliyo kwenye ganda imeondoka. Kifuu cha nazi kikielea, wape vizibo wapakie kimoja kimoja huku wakihesabu mpaka kizame. Hiyo ni dakika 30 ya kuhesabu kwa makini ambayo hakuna daftari litakaloipata.

Mada inaharibikia wapi? Kwanza, kwenye mapambo. Mwalimu anakata daladala 24 za manila usiku, mtoto anapaka gundi na kubandika matairi mawili, ukuta unapendeza, na aliyefanya kazi ya mikono ni mwalimu. Ukiona kazi zote 24 zinafanana, mtoto hakuamua lolote. Wape boksi la dawa ya meno, vizibo na gundi ya unga, uache wapambane na swali la kweli: tairi litakaaje bila kudondoka?

Pili, mada hubadilisha mengi na kurudia machache. Jumatatu bajaji, Jumanne treni, Jumatano ndege. Kila siku ni kipya, na kile cha Jumatatu hakirudi tena. Watoto wanafurahi, lakini ukiwauliza Ijumaa hawana walichoshika. Dawa yake ni kuipa mada wiki mbili nzima na michezo mitatu tu inayorudiwa, ukibadilisha kitu kimoja kila siku: leo nauli vizibo viwili, kesho vitatu, keshokutwa mwanafunzi analipa nusu.

Tatu, mada za kupakua. Mipango ya mwezi iliyoandaliwa Ulaya na Marekani imejaa mtandaoni, na Januari yake ni theluji, Oktoba yake ni majani yanayoanguka. Mtoto wa Temeke atapaka theluji rangi nyeupe bila kuwa na la kusema juu yake. Majira yetu ni masika, kipupwe, vuli na joto la kaskazi; matunda yetu yana msimu unaoonekana sokoni; kwenye soko la Feri kuna samaki wa maumbo na ukubwa wa kila namna. Ukichukua mpango wa nje, bakiza mfumo wake wa michezo na ubadilishe kila kitu kinachoonekana. Mada nzuri ni ile ambayo mtoto anaweza kuendelea kuizungumza njiani akirudi nyumbani.

Na ziara. Kuwapeleka watoto 24 wa miaka minne kivukoni kunahitaji angalau mtu mzima mmoja kwa kila watoto wanne, yaani watu sita, pamoja na gari na ruhusa za maandishi za wazazi. Kama huna, mwombe dereva wa bajaji wa kijiwe cha jirani aingize bajaji yake uani kwa dakika 20, injini imezimwa na funguo mkononi mwake. Watoto watahesabu matairi, watabonyeza honi, watauliza maswali, na hakuna atakayepotea.

Mwezi wa kona

Kona ndiyo njia inayorudia na kubadilika kwa pamoja. Vizibo vile vile vya Jumatatu vipo Ijumaa, lakini mtoto amerudi akiwa na wazo jingine. Ndiyo pia ngumu kuliko zote kuiendesha, kwa hiyo tutakaa hapa zaidi.

Hesabu nafasi kwanza. Watoto 24 wanahitaji nafasi zaidi ya 24, la sivyo wa mwisho hawachagui, wanasukumwa kwenye kilichobaki. Mgawanyo unaofanya kazi kwenye chumba chetu ni huu: ujenzi nafasi 6, duka na nyumba 6, hesabu 6, sanaa 6, vitabu 4, maji au mchanga 4 nje ya mlango. Jumla 32. Kila mtoto ana kibanio cha nguo chenye jina lake na picha. Kila kona ina kadi yenye alama za idadi ya nafasi. Ukikuta kadi imejaa vibanio, unakwenda kwingine. Sheria hiyo moja inaondoa ugomvi mwingi, na kila siku mtoto anasoma jina lake mwenyewe.

Vifaa havitoki dukani. Trei ya mayai 30 ina matundu matano kwa sita. Ikate mara mbili upate vipande vitatu vya matundu kumi, safu mbili za tano tano. Trei nane zinatoa vipande 24, kila mtoto na chake. Akiweka kizibo kimoja katika kila tundu anaona saba ni tano na mbili bila kuhesabu kuanzia moja. Nunua trei mpya kwa wauza vifaa vya kuku. Iliyokwisha kubeba mayai huwa na uchafu wa kuku, na trei ya karatasi haioshwi. Vizibo vya soda 300 vinatosha, vilivyochemshwa na kuchaguliwa visiwe na ncha kali. Kona ya ujenzi ijazwe vipande vya mbao kutoka kwa fundi seremala, vikiwa vimepigwa msasa pande zote, na maboksi.

Udongo wa unga kwa watoto sita: vikombe 2 vya unga wa ngano, kikombe 1 cha chumvi laini, vijiko 2 vikubwa vya mafuta ya kupikia, na maji kikombe kimoja, ukiyatia kidogo kidogo na kuacha pale unga unapoacha kunata mkononi. Bizari ya manjano hutoa rangi. Kwenye unyevu wa Dar es Salaam chumvi huvuta maji kutoka hewani na udongo hulowa tena. Uweke ndani ya kopo lenye mfuniko wa kubana, na ukinata ongeza kijiko cha unga. Ukianza kunuka au kuota ukungu, tupa. Mtoto asiruhusiwe kuula, kwa sababu chumvi ni nyingi mno.

Kona ya sayansi haihitaji meza. Choroko juu ya pamba yenye unyevu huchipua ndani ya siku moja au mbili, kwa hiyo watoto wanaona matokeo kabla hawajasahau. Kunde huweza kuchukua muda zaidi kidogo. Anza Jumatatu, ukianza Alhamisi, pamba itakauka wikiendi na Jumatatu utakuta mbegu zilizokufa. Kosa jingine la kawaida ni kila mtoto kumwagilia kwa zamu, mpaka mbegu zinaogelea na kuoza. Toa kijiko kimoja cha chai kwa siku, na mtu mmoja wa zamu.

Hapa usalama unahitaji neno zito. Kitu kinachoweza kupita ndani ya bomba la karatasi ya chooni kinaweza kumkaba mtoto wa chini ya miaka mitatu, na kizibo cha soda kinapita. Kama darasa lako lina wadogo hao, tumia vifuniko vipana vya makopo. Maharage na choroko visiachwe kwenye kona huria bila mtu mzima: mtoto husukuma punje puani au sikioni, nayo ikipata unyevu huvimba. Beseni la maji halibaki bila mtu hata dakika moja, na humwagwa mara mchezo unapokwisha.

Muda ndio unaoua kona nyingi. Ukiwazungusha watoto kwa kengele kila dakika 15, unawaondoa pale mchezo unapoanza kuiva, kwani dakika za kwanza ni za kugawana vitu na kukubaliana nani awe nani. Toa dakika 45 hadi 60 mfululizo. Mwalimu anakaa dakika kumi kwenye kona moja akicheza na kuuliza, si akisimamia: “Duka lako limebaki na nyanya ngapi, mama muuzaji?” Msaidizi anabaki karibu na maji.

Jioni andika sentensi mbili kuhusu watoto watatu. Kwa watoto 24 unamaliza darasa katika siku nane, kwa hiyo ndani ya mwezi kila mtoto ameangaliwa mara mbili na zimebaki siku nne za kuwarudia wanaokutia wasiwasi. Sentensi zenyewe ziwe za kilichoonekana: “Amehesabu vizibo sita, amevitawanya, amehesabu tena kuanzia moja.” Hiyo inakuambia bado hajajua kwamba kutawanya hakubadilishi idadi. “Amefanya vizuri” haikuambii kitu.

Kona hufeli pia pale zinapokuwa za wageni. Vifaa vimepangwa, lebo zimebandikwa, mkaguzi akiondoka vinafungiwa kabatini kwa sababu watoto watavichafua. Kona safi mwezi mzima haijatumika.

Zikiwekwa bega kwa bega

| | Herufi | Mada | Kona |
|---|---|---|---|
| Watu wazima kwa watoto 24 | 1 anaweza | 2 kwa michezo ya nje | 2 ni lazima |
| Kazi kubwa ya maandalizi | kila siku, daftari | kila wiki | mara moja mwanzoni, kisha marekebisho |
| Inajenga nini zaidi | sauti, maumbo ya herufi | msamiati, kujieleza | idadi, ushirikiano, mikono, kuamua |
| Kinachoonekana na mzazi | daftari | ukuta na nyimbo | karibu hakuna, usipoeleza |
| Umri unaofaa zaidi | 5 | 4 hadi 5 | 3 hadi 5 |

Mstari wa nne ndio unaowarudisha walimu wengi kwenye daftari hata wakiwa wanajua kona ni bora. Mzazi aliyelipa ada anauliza “Leo ameandika nini?” na hana kosa. Mpe jibu lenye uzito ule ule: “Mama Neema, leo Neema amepanga vizibo saba, ameniambia ukiongeza vitatu vinakuwa kumi, na ameandika jina lake kwenye bango la duka.” Tuma karatasi moja kila Ijumaa yenye mistari mitatu ya namna hiyo kwa kila mtoto. Sentensi zako za jioni zimekwisha kukuandalia kazi.

Uchague upi

Kwa darasa letu la mfano, tungechagua kona ziwe uti wa mgongo wa mwezi, mada moja kwa wiki mbili mbili ikiingia ndani ya kona hizo, na sauti za herufi dakika 15 kwa kila kundi la watoto sita. Wiki za usafiri, kona ya nyumba inakuwa daladala, ujenzi unakuwa kituo cha treni, na herufi za mwezi zinabaki zile nne. Kundi moja likiwa kwenye sauti na mwalimu, mengine yako kwenye kona na msaidizi. Makundi mawili kwa siku yanatosha, hivyo kila mtoto anapata zamu kila siku ya pili, akiandika kwenye sinia la mchanga wenye kina cha sentimita moja, mahali ambapo unauona mkono wake unapoanzia.

Uamuzi unabadilika hali ikibadilika. Watoto wakiwa wa miaka mitatu, ondoa dakika 15 za herufi kabisa, weka nyimbo na hadithi. Wakiwa wa miaka mitano na usaili uko mbele, zipandishe ziwe 20 kila siku kwa kila mtoto, lakini usizichukue kutoka kwenye muda wa nje.

Ukiwa peke yako na watoto 40 au 60, usijaribu kona sita. Tandaza mikeka sita chini ya mwembe, kila mkeka na kikapu kimoja cha kitu cha aina moja: vizibo na trei, vipande vya mbao, vitambaa na vibanio, vitabu, chaki na vibao, majani na mawe ya kupanga kwa ukubwa. Maji na punje ndogo usiziweke. Nusu ya darasa kwenye mikeka, nusu karibu nawe kwa wimbo na hesabu ya vidole, mkeka wa mbali usizidi hatua 15 kutoka ulipo. Baada ya dakika 25 badilishana. Hapo mada itakusaidia kuliko kona, maana wimbo mmoja na hadithi moja vinabeba watoto wengi kwa pamoja.

Chumba kidogo cha kupanga kwenye nyumba ya kawaida, mita 4 kwa 4, hakibebi kona za kudumu. Tumia makasha: kona nne ndani ya makasha manne, yanayofunguliwa saa 2:30 na kufungwa saa 3:30, watoto wenyewe wakipanga vitu. Kupanga huko kuhesabiwe kuwa somo. Kulinganisha kifuniko na kopo lake ni hisabati ya umri huo.

Majira nayo yapimwe. Kuanzia Desemba hadi Machi jua la saa nne limekwisha kuwa kali, kwa hiyo muda wa nje uwe saa 2:00 na kona zifuate. Wakati wa masika, Machi hadi Mei, kinyume chake: barabara zinajaa maji, nusu ya darasa inafika saa tatu wakiwa wamelowa. Ukianza siku na somo la herufi ubaoni, waliochelewa wamelikosa na utalirudia. Ukianza na kona, kila anayefika anabadilishwa nguo, anabana kibanio chake na kuingia, siku haijakatika. Kwa sababu hiyo peke yake, hata kituo kinachopenda mpango wa herufi kingefanya vizuri kuweka kona asubuhi katika miezi hiyo.

Jambo moja dogo linaloharibu ratiba ya mipango yote mitatu: kunawa kabla ya uji. Watoto 24 kwenye bomba moja, nusu dakika kila mmoja, ni dakika 12 za kusukumana. Ndoo tatu zenye bomba, sabuni kwa kila moja, zinaishusha hadi dakika nne. Ni nyongeza ya dakika nane kila siku, karibu saa tatu kwa mwezi.

Kama unahama kutoka mwezi wa herufi kwenda wa kona, hama Julai muhula wa pili ukianza, si katikati ya muhula. Wiki ya kwanza fungua kona mbili tu, vitabu na ujenzi, ufundishe jinsi ya kuchukua, kugawana na kurudisha, ukiigiza mwenyewe kila hatua. Wiki ya pili ongeza hesabu na sanaa, na vibanio vianze kutumika. Wiki ya tatu fungua duka. Maji na mchanga viwe vya mwisho, wiki ya nne, pale msaidizi amekwisha kuzoea kukaa mahali pamoja bila kuitwa. Madaftari yasiondoke siku moja. Yapunguze kutoka siku tano kwa wiki hadi mbili, na karatasi ya Ijumaa ianze kwenda nyumbani wiki ile ile ya kwanza, kabla mzazi hajauliza.